Sauti ya Kogo kwenye Barabara ya Keringet

Siku ya kuniaga, vijana wa idara ya usafiri walinipa saa ya ukutani, soda mbili na swali moja. Saa nimeitundika. Soda zilikwisha hapo hapo. Swali ndilo limeninyima usingizi. Aliuliza dereva mpya wa njia ya Subukia, yule anayefunga simu kwenye dashibodi kwa mpira wa nywele: "Mzee, kuna story hapa ati kitambo ulikuwa unaongea peke yako kwa gari, mpaka unacheka. Ni ukweli?" Nikamwambia sikuwa peke yangu. Wakacheka wote, wakadhani ni mzaha wa mtu anayeondoka.

Basi nimekaa hapa nyumbani Bondeni, Nakuru, kiti nimekitoa mlangoni, na ninaandika jibu lenyewe. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara wangu ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi kama wenu tu.

Mlioingia juzi mnadhani dereva wa kampuni ya maziwa ni mtu wa usukani. Enzi zetu, aliyepelekwa mashambani alikuwa dereva na mpima maziwa kwa pamoja. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Odhiambo, aliyekuwa akikaribia kustaafu na hakuwa na haraka yoyote duniani. Aliniamuru kwanza niende nikaoge upya, kwa maji matupu, kwa sababu nilikuwa nimejipaka mafuta ya kunukia kwa furaha ya kuajiriwa. Kisha akanifundisha. Ukifungua mfuniko wa mkebe, uso uwe hapo hapo, kwa sababu pumzi ya kwanza ya mkebe ndiyo inayosema kweli. Ya pili imeshachanganyika na hewa ya uwanja. Baada ya pua, laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha kama mtu ameongeza maji. Mwisho ile spiriti: unachanganya kidogo na maziwa, yakishikana vipande vipande ujue yameanza kuharibika hata kama bado yananukia vizuri. Asubuhi usile kitunguu. Ukiwa na mafua, sema.

Lakini jambo alilolirudia kuliko yote halikuwa na chombo. Alisema, "Mwangi, usimkatalie mtu maziwa bila kumwangalia kwa uso na kumwambia ni kwa nini, kwa maneno yeye anaelewa. Hiyo mkebe ni kuamka kwake."

Subukia, njia yangu ya kwanza, hilo halikunisumbua. Wengi kule tulisikizana kwa Kikuyu, na wengine kwa Kiswahili chetu cha bara. Nilikataa maziwa miaka na miaka na bado nikaalikwa harusini.

Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na saba, mvua ndefu zikikaribia, nilipewa njia ya Keringet. Meneja wetu, mama mmoja mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliniita akafunga mlango. "Dereva aliyekuwa huko walimfukuza," alisema. "Alikuwa anakataa maziwa kama mtu anafukuza kuku. Wewe pia wakikukataa, Mwangi, head office itafunga hiyo route. Maziwa ya Keringet itabaki Keringet." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kule juu hakukuwa na mnunuzi mwingine wa kila siku, na mifugo ilikuwa ndiyo karo, dawa na sare.

Wale wakulima walikuwa Wakipsigis. Vijana wao walijua Kiswahili, lakini waliokuwa wakileta maziwa barabarani hawakuwa vijana. Walikuwa akina mama watu wazima, na wa kwanza wao siku zote alikuwa bibi mmoja mrefu, mwembamba, aliyejifunga leso mbili moja juu ya nyingine kwa sababu ya baridi. Wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Jina lake lilikuwa Tapsubei, ila sikuwahi kusikia mtu akithubutu kulitumia.

Katika juma langu la kwanza nilimkatalia maziwa. Kosa lake lilikuwa dogo na la kila mahali: alichanganya maziwa ya jioni yaliyokwisha kupoa na ya asubuhi yaliyokuwa bado na joto la ng'ombe, na safari ya kutoka kwake mpaka barabarani ikamaliza kazi. Ningelikuwa na maneno ningemweleza kwa dakika moja. Sikuwa nayo. Nilisema kwa Kiswahili, nikaonyesha kwa mikono, nikapandisha sauti kidogo, upumbavu tunaoufanya sote kana kwamba asiyejua lugha ni kiziwi. Alifunika mkebe wake taratibu, akanitazama, akasema sentensi moja ndefu. Uwanja mzima wa kupokelea maziwa ukacheka.

Langat, mwenyekiti wa wakulima, alinitafsiria akiangalia kando. "Anasema pua yako ni ya mbwa lakini mdomo ni ya jiwe."

Siku iliyofuata mikebe ilikuwa imepungua. Iliyofuata ikapungua tena. Nilirudi Nakuru lori likiruka ruka kwa wepesi na mimi mwenyewe nikiwa mzito.

Sasa, jinsi ya kujifunza lugha mtu akiwa dereva. Nilikuwa nikitoka Nakuru kabla jua halijapanda vizuri, Njoro, Elburgon, Molo, halafu kupanda kule kwenye ukungu, na kurudi nikiwa nimebeba mzigo usiomngoja mtu. Kitabu hakingewezekana; barabara ile ilitaka macho yote mawili na mikono yote miwili, na siku za matope ilitaka na magoti. Masikio tu ndiyo yalikuwa hayana kazi.

Aliyeliona hilo si mimi. Ni Harbans, fundi wa redio mjini, Singasinga aliyezaliwa Nakuru na aliyekuwa akitengeneza redio za malori tangu baba yake alipokuwa nyuma ya kaunta ile ile. Nilimpelekea redio ya lori kwa sababu ilikuwa inakula kaseti, na nikiwa nasubiri nikamlalamikia habari za Keringet. Alinisikiliza huku bisibisi iko mdomoni.

"Kwa nini usiweke huyo mama kwa kaseti?" akauliza.

Nikamwambia kusikiliza tu hakungenisaidia, nimesikiliza nyimbo za Kilingala maisha yangu yote na siwezi kuomba maji.

"Si ya kusikiliza, bwana. Ni ya kujibu. Mtu anauliza kwa Kiswahili: maziwa? Halafu kimya. Hapo wewe unasema. Halafu mama anasema, wewe unajua kama uko sawa ama umepotea. Kimya iwe ya kutosha pumzi moja. Ukijaza kaseti yote na maneno utalala kwa steering." Akanionyesha na kitu kingine, redio ya zamani iliyokuwa na uwezo wa kugeuza kaseti yenyewe ikifika mwisho. "Hii hugusi. Inazunguka tu. Wewe mikono yako ni ya barabara." Akaniwekea, na akaniazima kinasa sauti chake cha mkono.

Langat ndiye aliyeamua mwalimu awe Kogo. Kwa maoni yake hakuna anayekufundisha vizuri kama mtu aliyekukasirikia. Mke wa mwana mkubwa wa Kogo, Chelangat, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alikubali kusoma maswali kwa Kiswahili, na Kogo atoe majibu. Tulirekodi nyumbani kwake alasiri moja ya mvua, chini ya mabati, kuku wakiwa wamekimbilia ndani pamoja nasi.

Shida ilikuwa ile nafasi ya kimya. Kogo hakuielewa hata kidogo. Akiulizwa, anajibu; ndivyo alivyolelewa. Chelangat alimsihi angoje kidogo. "Nikae kimya kwa nini? Nimeulizwa na najua," ndivyo nilivyotafsiriwa. Mwishowe Chelangat aliushika mkono wa mama mkwe wake, akawa anaubana wakati wa kujibu ukifika. Walikaa hivyo mpaka jioni, mikono imeshikana juu ya goti, mmoja akiuliza na mwingine akisubiri kubanwa. Na pale ambapo Kogo aliona mwanafunzi wake asiyeonekana anachelewa, aliongeza maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili: "Sema! Ama umelala?"

Katikati ya upande wa pili jirani alipita kuomba moto, mzee Koech, na wakaanza mazungumzo marefu. Nilitaka kuzima. Kogo akanipiga jicho. Nikaacha kaseti izunguke.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuongea peke yangu, kijana wangu wa Subukia.

Sijui niwaelezeje miezi ile. Lori linapanda, ukungu umeshuka mpaka kwenye nguzo za ua, taa zangu haziendi mbali, na ndani ya gari kuna sauti ya Chelangat, laini, inauliza: "Maziwa?" Halafu mvua ya alasiri ile inanyesha juu ya mabati ya kaseti, ilhali nje kwangu hakuna mvua. Mimi nasema: chego. Na Kogo, baada ya muda wake, anasema: "Chego." Nikipatia, nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nikikosea, nilikuwa na barabara nzima ya kuona aibu bila shahidi. "Sema! Ama umelala?" Silali, Kogo. Wakati mwingine niliapa kwamba amekaa pale kando yangu na leso zake mbili, mkebe uko katikati ya miguu, anaangalia mbele.

Nikagundua jambo ambalo hata Harbans hakulitarajia. Kwa kuwa nilianza kaseti getini kila asubuhi, na barabara ni ile ile, maneno yalikwenda kukaa mahali pake. Neno la maji lilikaa Elburgon, kwenye harufu ya mbao mbichi. Neno la mvua lilikuwa kwenye kona ya misonobari ukitoka Molo. Neno la karibu liliishi kwenye kiduka cha rangi ya samawati ambapo mama mmoja alikuwa akianika mboga juu ya gunia. Nikifika kwenye kona, ulimi ulikuwa tayari kabla Chelangat hajauliza. Nikajiona nimehitimu. Kumbe nikiwa nyumbani Bondeni, mke wangu Wambui akinijaribu kwa mzaha, sikumbuki hata moja mpaka nifumbe macho niendeshe lori kichwani nifike pale mahali. Wambui alikuwa akilala kwa kicheko. "Baba Njeri, sasa umefika wapi? Elburgon? Ngoja basi upite reli."

Dawa yake ilikuwa kuchanganya. Harbans alinikatia kaseti ya pili, maswali yale yale kwa mpangilio wa ovyo, na hapo ndipo maneno yalipobanduka barabarani yakawa yangu. Mnaojifunza chochote kwa simu zenu siku hizi, lugha au mtihani wa leseni ya daraja la juu, shikeni hilo: changanyeni mpangilio, acheni nafasi ya kujibu, na msiguse kitu gari likitembea. La sivyo mtajua tu njia, hamtajua neno.

Kuna sehemu moja ambayo hakuna aliyeichanganya: yale mazungumzo ya Kogo na Koech. Sikuyaelewa, lakini yalipita masikioni mwangu mara nyingi hadi nikayakariri yote, na kicheko chake na kikohozi chake. Ulikuwa wimbo tu kwangu. Asubuhi moja pale uwanjani, mzee Koech mwenyewe alikuwa amesimama kwenye foleni, na mimi nikiwa nimejaa kiburi cha mwanafunzi nikamtolea sehemu ya Kogo yote, kwa sauti ya Kogo, mpaka na kule kugonga ulimi mwishoni.

Koech akanitazama kama mtu aliyeona mkebe ukiongea. Kisha akajibu, kwa heshima kamili.

Langat alikuwa amejishika mbavu. Nilikuwa nimemuuliza Koech kama ndama wake amesimama, na kama haja zimekuwa laini au ngumu, na nikamshauri ampe maji ya majivu. Ndama mwenyewe alikuwa amekufa mwezi uliopita. Koech alijibu kwamba alimpa maji hayo, lakini haikuwa bahati, na ahsante kwa kuuliza, wewe ndiye mgeni wa kwanza kuuliza. Akina mama walicheka mpaka mmoja akakalia mkebe wake. Kogo hakucheka. Alinijia, akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuza uso huku na huku, akasema kwa Kiswahili chake: "Mdomo imepasuka. Maji itatoka."

Tangu siku hiyo nikaitwa Baba Ndama. Nilimweleza Kogo habari ya maziwa ya jioni na ya asubuhi, kwa lugha yake, vibaya, lakini akaelewa, na yeye akawaeleza wengine vizuri. Mikebe ilirudi. Kufikia kiangazi nilikuwa nashuka lori limejaa, na ninapokataa mkebe, mwenye mkebe alinibishia kwa dakika mbili kisha akaniuliza habari za Njeri, binti yangu. Nilikuwa na furaha sana kazini wakati ule. Niliifahamu nikiwa ndani yake, jambo ambalo si la kawaida.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka, Wakikuyu na Wakipsigis wakageukiana, na yaliyofuata mnayajua, au wazazi wenu wanayajua na hawajawaambia.

Nitasema yangu tu. Njia zilifungwa. Lori langu lilibeba maji kupeleka uwanja wa maonyesho, kwa watu waliolala chini ya turubai. Ndugu yangu mdogo, Kamau, aliyekuwa na duka la mbao Molo, aliuawa. Tulimzika Nakuru haraka haraka, bila hotuba, watu wakiangalia barabara kuliko kaburi. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo haikuniachia nafasi ya kulia.

Katika siku hizo nilikuwa nikienda kukaa ndani ya lori, uwanjani kwa kampuni, injini imezimwa, na kuwasha kaseti. Sijui nilitafuta nini. Otieno, mpakiaji wetu, alikuja akagonga mlango. "Boss, zima hiyo kitu. Watu wakisikia hiyo lugha hapa town watakuchoma na gari." Alikuwa na haki. Wiki zile mjini, sauti ya bibi akisema neno la maziwa ilitosha kumuua mtu. Niliipunguza mpaka nikawa nasikia kwa kuweka sikio kwenye spika. Nilimchukia Kogo, na nilimkumbuka Kogo. Yote mawili yalikuwa mle mle, sauti ile ile.

Wambui alijua. Jioni moja aliniuliza, si kwa ukali: "Kamau amelala mchangani, na wewe bado unajibu maswali ya watu wao?" 

Viongozi walipopatana na mvua zikarudi, Langat alipiga simu ofisini. Maziwa kule yalikuwa yanamwagwa. Ndama walikuwa wameshiba mpaka wakayakimbia. Meneja aliniita, akafunga mlango kama mara ya kwanza. "Sikulazimishi, Mwangi. Lakini route isipofunguka mwezi huu, head office imeshaamua. Na sina mtu mwingine wanayemjua."  Kisha akaongeza kile Langat alichomwambia mwishoni mwa simu. Kogo alimpoteza kitinda mimba wake. Kijana aliuawa akitembea kurudi kutoka Molo.

Kutoka Molo. Hakusema nani, na sikuuliza. Nani alimuua Kamau sikujua pia. Lakini kila mtu katika nchi ile alijua upande gani ulizika waliouawa kwa mkono wa upande gani, na mimi nilikuwa wa upande wangu, kwa jina na kwa uso.

Nilimwambia Wambui usiku huo kuwa nitaenda.  Asubuhi nilikuta begi langu limeongezeka uzito: sukari na majani ya chai, kama tunavyowapelekea waliofiwa. "Mpelekee," alisema akiwa amenipa mgongo. "Usiseme ni mimi."

Njiani niliwasha kaseti, ile ya kwanza, yenye mpangilio. Elburgon harufu ya mbao ilikuwepo na neno la maji likaja. Kona ya misonobari ikaja na mvua yake. Lakini baada ya hapo sehemu nyingi zilikuwa zimeteketea, na maneno yalikuja yakakosa pa kukaa. Kiduka cha samawati hakikuwepo, palikuwa na msingi na majivu yaliyolowa. Chelangat akauliza vile vile, kwa ile sauti ya chekechea, "Karibu?" Nikajibu. Nani mwingine angejibu pale?

Nilikuwa nimetega sikio kwa sababu nyingine. Nilitaka neno la kumwambia mama aliyefiwa. Nilisikiliza upande wa kwanza, redio ikageuza, nikasikiliza wa pili. Ng'ombe, majani, mkebe, njia, baridi, ahsante, jana, kesho, ndama wa Koech. Halikuwepo. Hatukuliuliza. Alasiri ile ya mvua, watatu sisi tumekaa na kuku, nani angefikiria tutalihitaji?

Uwanjani walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na walikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Nilisalimia: chamgei. Walijibu, wengine. Nilifungua mikebe mmoja mmoja, uso hapo hapo, nikanusa. Pua ilifanya kazi yake. Yote yalikuwa mazuri. Nadhani hawajawahi kuleta maziwa safi namna ile. Kogo hakuwepo. Nilipomtazama Langat alinionyesha kwa kidevu upande wa nyumba yake. "Hajatoka tangu wakati ule. Watu hapa wanangoja kuona kama utaenda," alisema. "Na wanangoja kuona kama utatoka."

Nilimwachia Langat lori na nikashuka kwa miguu na lile begi.

Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichochomwa kikawa mkaa. Leso ilikuwa moja tu. Aliniona tangu langoni na hakuacha kusugua. Nilisimama mbele yake na kinywa kikafunguka, na kikatoa kilichokuwa nacho. Nilimsalimia. Nikamwambia mvua imenyesha. Nikamwambia njia ni mbaya, maziwa ya leo ni mazuri, ng'ombe wamepata majani. Nilijisikia nikiendelea na sikuweza kujizuia, neno moja likivuta jingine, mpaka nikaona nimebakiza ndama wa Koech tu. 

"Kogo," nilimwambia kwa Kiswahili, "ya leo hukunifundisha."

Akasugua kibuyu kidogo. Akakiweka chini. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza, na akasema maneno mawili ya lugha yake, polepole. Nikayarudia. Akatikisa kichwa, nilikuwa nimeyakimbiza. Akayasema tena. Nikayarudia tena, na safari hii alijifunika uso kwa leso, akayajibu, vile wanavyojibu waliofiwa wakipewa pole, akiwa ndani ya kitambaa, kwa sauti ambayo haikuwa kwenye kaseti yoyote.

Nilichuchumaa chini kwenye tope. Chelangat alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani.

Baada ya muda Kogo alijifuta. "Langat aliniambia yako," alisema. "Ndugu."

"Ndiyo, Kogo. Kamau."

"Kwenu wanasema namna gani?"

Nilimwambia. Alijaribu, ikamshinda. Nikamwambia tena, polepole kama alivyonifanyia. Alilichezesha mdomoni bila sauti, midomo ikitafuta mahali pa kushika, mwanamke wa umri wa mama yangu anajifunza lugha ya watu wa Molo mlangoni kwake. Mara ya tatu ikatoka sawasawa, na akaniambia hiyo pole ya ndugu yangu, kwa Kikuyu, akiwa ameweka mkono wake wenye mkaa juu ya kichwa changu. Hapo ndipo nilipomlilia Kamau.

Aliniacha nilie. Kisha akapokea begi, akalipima uzito kwa mkono, akatazama ndani.

"Hii ni mke wako ametuma," alisema. Halikuwa swali. "Mwambie nimeona. Sasa enda, Baba Ndama. Maziwa ya watu itaharibika."